Hodi Juu ya Dawati

Ngo.

Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha alisikia kengele, vicheko, viti vikiburutwa, mvua ikipiga mabati mpaka somo likafa. Sauti iliyobaki sikioni ni hiyo moja: fundo la kidole likitua juu ya dawati, na darasa zima likishusha pumzi pamoja. Ngo. Maana yake, hapo. Hapo ndipo neno linapokanyaga.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana, na wasichana walimwita Mama Hodi. Mbele yake walisema "Mwalimu", kwa heshima zote, lakini akiibuka mwisho wa ukumbi na vitabu vimebanwa kwapani, mnong'ono ulimtangulia mlango hadi mlango: "Mama Hodi huyo, Mama Hodi!" Alijua, na jina lenyewe alilipenda kuliko alivyoonyesha. Lilimfika kwa haki. Hakuna mtu aliyegonga mbao kumshinda, isipokuwa mumewe, na mumewe alikuwa fundi seremala.

Zamani hakuwa akigonga. Zamani alikuwa na sauti. Fundi alipenda kusimulia kwamba alitumwa kutengeneza milango ya chuo cha ualimu, akamsikia mwanafunzi mmoja akisoma kwa sauti upande wa pili wa dirisha, lugha ambayo yeye fundi hakuelewa hata nusu yake, na akakosea kipimo cha mlango mara mbili. "Mlango ule mpaka leo haufungi sawasawa," alisema. "Nikipita pale naona haya, halafu nafurahi."

Sauti ile iliisha shuleni. Walianza walimu watatu wa Kiingereza. Mmoja akahamishwa, wa pili akamfuata mumewe mji mwingine, na barua ya kuomba mbadala ikaenda ofisini ikakaa huko ikizeeka. Akabaki yeye. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, mikondo miwili kila kidato, vipindi arobaini kwa wiki. Asubuhi sarufi, mchana fasihi, jioni rundo la madaftari lililomfika kiunoni. Mtu mmoja aligeuzwa idara nzima, na hakuna aliyemwambia hata pole, kwa kuwa idara haipewi pole.

Mwaka wa pili wa hali hiyo koo likaanza kukwaruza. Mwaka wa tatu daktari akammulika na kuona vinundu kwenye nyuzi za sauti.

"Mama, nyamaza mwezi mmoja," daktari akasema.

"Daktari, nikinyamaza mwezi mmoja, kuna wasichana mia tatu watakaokuwa mabubu kwa Kiingereza."

"Basi utanyamaza milele. Chagua."

Akachagua kidole. Kiswahili chetu kinakanyaga silabi moja kabla ya mwisho, siku zote, kama mtu anayeijua njia ya kwao. Kiingereza hakina ustaarabu huo. Neno moja linakanyaga kichwani, jirani yake mkiani, na ukikosea, desert ya jangwa inageuka desert ya kutelekeza. Badala ya kupiga kelele, mwalimu akawa anagonga meza: pigo zito pale neno linapokanyaga, pigo jepesi pale linaporuka. Wasichana wakaiga. Kisha akagundua jambo ambalo hakuna chuo kilichomfundisha. Msichana akiigonga sentensi kabla ya kuiandika, sentensi inayochechemea inajishtaki yenyewe. Kidole kinakwama, naye anairekebisha kabla wino haujamwagika.

Akaliandika juu ya ubao wa kila darasa, chaki nyeupe, na kila ikifutika aliliandika upya: MKONO WA KULIA UNAANDIKA, WA KUSHOTO UNASIKILIZA. Wale wanaotumia kushoto waligeuza kibao, na walijiona watu wa pekee.

Kwenye fasihi alikuwa na kanuni nyingine. Wakisoma riwaya ama tamthilia, kila tukio waliliuliza maswali matatu: Nani anafaidika? Nani amenyamazishwa? Ilikuwa saa ngapi? Hilo la mwisho liliwachekesha.

"Mwalimu, saa inahusu nini na mapenzi ya watu?" aliuliza siku moja msichana mwembamba wa kidato cha pili, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa sababu hakukubali alama hata moja bila kuikatia rufaa.

"Mwongo anakariri maneno, anasahau saa," mwalimu alimjibu kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. "Mtafute hapo."

Wakili na wenzake ndio waliokuwa wa kwanza kugongewa tangu kidato cha kwanza. Miaka minne. Walipofika kidato cha nne, kugonga kwao hakukuwa somo tena. Kulikuwa kama kupepesa macho.

Na hapo ndipo mwalimu alipokosea, kosa ambalo alijilaumu nalo kuliko mtu yeyote alivyomlaumu. Siku ya mtihani wa taifa aliwaambia wale vizuri, waje na kalamu mbili, wasome swali mara tatu, wasilie chooni. Aliwaambia kila kitu. Hakuwaambia waache kugonga. Haikumjia akilini, kama vile isivyomjia mama kumwambia mtoto asipumue mbele ya wageni.

*

Matokeo yalibandikwa asubuhi, kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Wasichana waliofanyia mtihani chumba namba moja walipiga vigelegele. Wa chumba namba mbili, thelathini na wanane, walitafuta alama za Kiingereza wakakuta neno moja limejirudia kutoka juu hadi chini kama kutu: YAMEZUIWA.

Mwalimu aliitwa ofisini kabla hajaweka mkoba chini. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma kwa kawaida yake, lakini hofu ilikuwa imemkausha uso.

"Wizi," alisema, akisukuma barua mezani. "Wizi wa pamoja. Msimamizi ameandika kwamba wasichana wako walikuwa wanagonga madawati, moja mpaka nne, wanapeana majibu. Moja ni jibu la kwanza, mbili la pili. Unaelewa?"

Mwalimu alielewa, na damu ikampanda kichwani kwa kasi mpaka masikio yakavuma.

"Walikuwa wanaandika," alisema.

"Walikuwa wanagonga!"

"Ndivyo wanavyoandika. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Mkuu alisimama akafunga mlango. "Usiliseme hilo tena," alisema polepole. "Nisikilize, dada yangu. Ukisema umewafundisha, wewe ndiye mwizi mkuu, na shule inafungiwa kuwa kituo cha mtihani. Kuna njia." Akatoa karatasi nyingine, imeshapigwa chapa. "Unasema hukujua. Wasichana walibuni wenyewe. Watarudia mtihani mwakani, mambo yanaisha."

"Wasichana thelathini na wanane wapoteze mwaka?"

"Bora mwaka kuliko shule."

"Waitwe wezi maisha yao yote?"

"Kwani hukuweza kuwaambia waiache hiyo tabia mlangoni?"

"Ningewaambia waache masikio mlangoni?" Sauti ikakatika katikati, ikatoka upepo mtupu. Akaichukua barua ya mashtaka, akaiacha ile ya saini mezani. "Hii nataka kuisoma."

"Ya nini? Nimeshakwambia iliyomo."

"Umeniambia. Sijaisoma."

Nje, Wakili alikuwa amesimama ukutani, macho mekundu, kidevu juu. Alikuwa ameshapata nafasi ya chuo cha wauguzi kwa sharti moja, alama ya Kiingereza, na chuo kilitaka alama hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yake, dobi wa hospitali iliyo pembeni ya chuo hicho, alikuwa amekwisha kumfulia sare ya kuazima, ikapigwa pasi, ikatundikwa.

"Mwalimu, mimi sijaiba," alisema. "Ningetaka kuiba ningeiba hesabu. Kiingereza nakijua."

Mwalimu nusura acheke, nusura alie. Akamshika bega. "Najua, mwanangu. Una siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

*

Jioni ile aliiweka barua juu ya meza ya kulia na kuisoma kama anavyosoma riwaya, kalamu mkononi. Fundi alikuwa mkabala naye akimenya viazi, maana siku za madaftari mengi jiko lilikuwa lake.

"Nani anafaidika?" fundi aliuliza. Miaka imepita, naye maswali yale matatu alishayakariri.

"Sijui. Pengine hakuna. Pengine ni uvivu tu."

"Nani amenyamazishwa?"

"Hilo usiniulize, utanitia wazimu."

"Haya, ilikuwa saa ngapi?"

Mwalimu alishuka na kalamu mstari kwa mstari. Ikasimama. Ikarudi juu, ikashuka tena. Aya ya pili ilisema: karatasi za sehemu ya kuchagua majibu zilikusanywa dakika ya arobaini, bila tatizo. Aya ya nne ilisema: kuanzia dakika ya hamsini watahiniwa walisikika wakigonga.

"Baba watoto," alisema, "mtu anaweza kumpa mwenzake jibu la swali ambalo karatasi yake imeshachukuliwa?"

Fundi aliacha kumenya. "Labda kama ni mchawi."

"Walishakusanya! Walikuwa kwenye insha! Insha haina jibu la moja wala la nne!" Alipiga meza kwa kiganja, viazi viwili vikaanguka. "Barua hii imepita mikononi mwa msimamizi, mkuu wa kituo, ofisa, mpaka aliyegonga mhuri. Watu wanne wazima. Hakuna hata mmoja aliyeisoma! Wameniharibia watoto kwa barua ambayo hakuna aliyeisoma!"

Fundi aliinama akaokota viazi, akamwacha aheme.

"Na chumba namba moja?" aliuliza baadaye. "Wale hawakugonga?"

"Waligonga vilevile. Msimamizi wao alikuwa mzee mmoja, alisinzia tangu dakika ya kumi."

"Hilo usilitamke hata kwenye mto wako."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa uchungu. Wasichana thelathini na sita walinusurika kwa usingizi wa mzee, na thelathini na wanane wakaitwa wezi kwa sababu mtu alikuwa macho. Haki gani hiyo, inayotegemea nani kala nini mchana?

"Mimi nilidhani walikuwa panya," fundi akasema ghafla.

"Panya gani tena?"

"Mwezi wa nane niliporudisha miguu ya madawati yenu. Kila dawati lina kijishimo upande wa kushoto, vanishi imeliwa, upana wa kifungo cha shati. Nikajiuliza, panya gani huyu mwenye nidhamu, anakula mahali palepale kila dawati?" Akaendelea kumenya. "Miaka mitano iliyopita niliyapaka yote kwa mkono wangu. Yaling'aa kama kioo."

Mwalimu alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akaandika pembeni ya barua: madawati.

*

Ofisi ya mitihani ilimtuma ofisa baada ya mkuu wa shule kupiga simu mara sita na mwalimu mara kumi na moja. Siku tisa zilikuwa zimeliwa. Ofisa alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na tangu aketi katika chumba cha walimu alizungumza kama mtu aliyekuja kuzika, si kuchunguza.

Mwalimu alimwonyesha dakika ya arobaini, akamwonyesha dakika ya hamsini. Ofisa alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Basi walikuwa wanapeana insha," alisema.

"Insha ya kurasa mbili? Kwa kidole?"

"Wasichana wa siku hizi wana mbinu nyingi, Mwalimu."

"Kama mbinu hiyo ipo, mdogo wangu, naomba unifundishe. Nitapumzisha koo langu."

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha kwenye kona waliinamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Ofisa hakucheka.

"Nikuambie ukweli," alisema. "Alama za insha zilikuwa za juu mno. Shule kama hii ikipata alama kama zile, lazima mtu ajiulize."

"Shule kama hii ni shule gani?"

Ofisa aliziangalia kuta, rangi iliyobanduka, ndoo iliyokinga maji ya dari. Mwalimu alihisi hasira ikitulia ndani yake, ikawa baridi, nzito kama jiwe la kusagia. Miaka yote alidhani adui wa wasichana wake ni ujinga. Leo adui alikaa mbele yake na miwani ya kamba, na alichokiona kibaya kwao ni kwamba walijua.

"Usiwasikilize kidato cha nne," alisema. "Utasema wamepanga maneno. Chagua darasa lolote. Wape insha yoyote. Kaa nyuma, usikilize."

Ofisa alichagua kidato cha tatu, mkondo wa kwanza. Aliandika kichwa cha insha ubaoni kwa mwandiko wa haraka, akaketi nyuma, akafungua kijitabu. Mwalimu alisimama mlangoni na mkuu wa shule.

Kimya.

Dakika tano. Kumi. Kalamu zilikwaruza, zikasimama, zikakwaruza. Hapakuwa na pigo hata moja. Wasichana arobaini waliinama wameketi vibaya, kama wameegemea upande, na baadhi yao walikuwa wanakata walichoandika na kukirudia. Ofisa alianza kuandika katika kijitabu chake, na kalamu yake ndiyo pekee iliyokwenda bila kukwama.

Mwalimu alitazama, asielewe, kisha akaelewa. Walikuwa wameikalia mikono yao ya kusikiliza, ile isiyoandika. Wote. Waliiweka chini ya paja na kuibana kama kuku anayeatamia.

"Nini hiki?" alimnong'oneza mkuu wa shule.

Mkuu alitazama chini. "Niliwatangazia mstarini. Atakayegonga tena, anafukuzwa. Nilikuwa nawalinda, dada yangu."

Kuna hasira inayotoka mdomoni na kuna inayoshuka miguuni. Ya mwalimu ilishuka miguuni. Alitembea mpaka dawati la kwanza, ambapo msichana mdogo kuliko wote alimwinulia macho yaliyojaa maji.

"Samahani, Mwalimu," msichana alinong'ona. "Siisikii. Naandika lakini siisikii."

Mwalimu alimgusa kichwa. Akaliinua daftari lake, akaliweka pembeni, akamgeukia ofisa.

"Njoo uone."

"Mwalimu, zoezi bado linaendelea."

"Njoo uone!" Sauti ilitoka yote, ile ya zamani, ile ya dirishani, na ikapasuka mwishoni kama kitambaa. Ofisa alisimama kabla hajajua amesimama.

Kwenye mbao, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya duara, vanishi imekwisha, mbao nyeupe imechungulia. Upana wa kifungo cha shati. Ofisa alivaa miwani.

"Mchubuko," alisema.

Mwalimu aliinua daftari la dawati la pili. Alama. La tatu. Alama. Hakusema tena, maana hakikuwepo cha kusemea. Alikwenda safu kwa safu akiinua madaftari kama mtu anayefunua sufuria, na kila alipoinua, ilikuwepo. Kwenye dawati la dirishani alama ilikuwa upande wa kulia. Ofisa alinyoosha kidole, kama aliyepata pa kupumulia.

"Hii mbona ipo huku?"

"Natumia kushoto, Mwalimu," akajibu mwenye dawati, akimdhania ofisa kuwa mwalimu mgeni, kisha akajiziba mdomo.

Mwalimu alimtoa ofisa darasani, akampeleka kidato cha nne, penye madawati waliyoyaacha akina Wakili. Pale alama zilikuwa zimezama mpaka ncha ya kidole inatulia ndani. Akampeleka cha kwanza, penye madawati kumi mapya ya mumewe, wiki tatu tangu yaletwe. Yalikuwa safi, yanang'aa, hayana hata doa.

Mkuu wa shule alikuwa amewafuata nyuma. Yeye ndiye aliyesema, na wala hakuonekana kumwambia mtu: "Miaka minne. Mwizi gani anagonga miaka minne kabla ya kuiba?"

Ofisa alifunga kijitabu. "Nitaandika nilichokiona," alisema.

"Na kabla hujatia saini," mwalimu akasema kwa upepo wa sauti uliobaki, "kisome."

*

Barua ilikuja siku ya thelathini. Mistari miwili. Matokeo ya chumba namba mbili yameachiwa. Suala limefungwa.

Wakili alikuwa amepata alama ya juu kabisa shuleni, na nafasi yake ya chuo ilikuwa imekwenda kwa mwingine siku tisa zilizopita. Mwandikishaji wa chuo hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama yake kiti kimoja kilikuwa bado wazi, na angempa binti huyo akileta maandishi kutoka ofisi ya mitihani kwamba kuchelewa hakukuwa kosa lake na kwamba hakufanya udanganyifu wowote. Angengoja mpaka Ijumaa.

Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu alimchukua Wakili, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akaacha vipindi vyake vyote vya siku moja. Ubaoni, darasa kwa darasa, aliandika kazi ya kufanya, na chini yake: NIMEKWENDA KUGONGA MAHALI.

Ofisi ya mitihani ilikuwa ghorofa ya pili, ukumbi mrefu wenye benchi la mbao na harufu ya wino wa mihuri. Waliketi tangu saa mbili. Saa tano waliambiwa ofisa yuko kikaoni. Saa saba waliambiwa ametoka kula. Wakili alikuwa anagonga benchi kwa kidole, pole pole, bila kujua.

"Unaandika nini?" mwalimu akamuuliza.

"Nitakachosema wakitukatalia."

"Kimenyooka?"

"Mwisho wake unachechemea."

"Endelea kukigonga."

Saa tisa wakaingizwa. Ni yule yule mwenye miwani ya kamba. Aliwakaribisha vizuri, akawaketisha, akasikiliza haja yao mpaka mwisho, kisha akanyoosha mikono.

"Mwalimu, mimi binafsi sina kinyongo. Lakini hatuna fomu ya namna hiyo."

"Fomu ya kumshtaki mtoto mnayo?"

"Ya kushtaki tunayo."

"Ya kuzuia matokeo?"

"Tunayo, rangi ya njano."

"Ya kusema tumekosea?"

Ofisa alifikiri kweli, kama mtu anayepekua kabati kichwani. "Hiyo haijawahi kuhitajika," alisema.

Wakili alivuta pumzi. Mwalimu aliona kidevu chake kikipanda, rufaa ikija, na akamwekea mkono juu ya goti. Akawaza madaftari, madarasa manane, barua ya kuomba mbadala inayozeeka pengine katika moja ya makabati haya haya. Akawaza mikono arobaini ya kusikiliza imekaliwa kama kitu cha aibu. Watu wanaompa mtoto wa miaka kumi na saba jina la mwizi kwa karatasi ya njano, halafu wanakosa karatasi ya kumwondolea!

Alifungua mkoba, akatoa karatasi nyeupe, safi, yenye mistari, iliyochanwa katikati ya daftari la insha. Akaiweka mbele ya ofisa, akainyoosha kwa kiganja. Juu yake akaweka kalamu, ncha ikielekea kwake.

"Na hii ni nini?" ofisa akauliza.

Mwalimu alikunja kidole, akakishusha juu ya meza ile kubwa ya vanishi isiyo na doa. Ngo. Mara moja. Nje ukumbini mashine ya chapa ilisita. Ofisa alimtazama, akamtazama msichana, akatazama mlango, na hakuna aliyemsaidia. Mkono wake ukaenda kwenye kalamu, taratibu, kama mkono wa mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Imla," mwalimu alisema, kwa sauti ndogo mpaka ilibidi ofisa ainame kuisikia. "Andika, mdogo wangu. Nitakwenda polepole."